Fidia imetoka ndogo: upokee, msikilizane au ukate rufaa?

Ami alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yetu hapa mjini Mombasa, mkongojo kaulaza mapajani, mkononi bahasha ya kaki. Ni dereva wa tuktuk, mkazi wa Mikindani. Lori la kontena lilimgonga karibu na Changamwe, mfupa wa paja ukavunjika, akalazwa Hospitali Kuu ya Pwani na kutiwa chuma. Kesi ikaenda miaka mitatu. Hukumu ilikuwa imesomwa siku kumi na moja kabla ya asubuhi hiyo.

"Mwanangu, nimedhulumiwa," akasema kabla hata sijamaliza sabalkheri yangu. "Niliambiwa milioni mbili."

"Na nani, ami?"

Na watu wa steji. Kila steji ya Mombasa ina mawakili wake, na wote hawajawahi kushindwa kesi.

Mimi ni karani wa mawakili, si wakili. Kazi yangu kwa miaka kumi na minne imekuwa kupeleka mafaili mahakamani na kuyarudisha, na swali la ami nimelisikia mara nyingi kuliko salamu. Mtu akishapewa fidia ndogo hulinganisha vitu viwili: pesa aliyopewa na pesa aliyoitarajia. Hapo ndipo anapopotea, maana Mahakama Kuu, inakokwenda rufaa ya hukumu ya hakimu, haijui wala haiulizi ulitarajia nini. Inauliza hakimu alikosea wapi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, chukua hukumu uipasue mstari kwa mstari, kila mstari uuandikie bei yake.

Hesabu ya nyuma ya bahasha

Nilimwomba ami bahasha yake nikaandika kwa penseli:

Fidia ya jumla, maumivu na mateso: 600,000
Gharama zenye risiti: 52,000
Kipato kilichopotea miezi saba: 0
Jumla: 652,000
Toa asilimia 20, lawama ya ami mwenyewe kwa ajali: 130,400
Inabaki: 521,600

Juu ya hapo kuna gharama za kesi na riba. Riba ya fidia ya jumla kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ya hukumu, na ile ya gharama zenye risiti huanzia siku kesi ilipofunguliwa.

Ami alikuwa akililia mstari wa kwanza, zile laki sita. Nao ndio mgumu kuliko yote. Mahakama ya Rufaa ilishaweka msimamo zamani katika kesi ya Butt dhidi ya Khan, na tena katika ile ya Kemfro ya miaka ya themanini: jaji wa rufaa hagusi kiwango cha fidia kwa sababu tu yeye angetoa zaidi. Anagusa iwapo hakimu alifuata kanuni isiyo sahihi, au alihesabu jambo lisilohusika, au aliacha linalohusika, au kiwango ni kidogo au kikubwa kupita kiasi hadi kinaonyesha kuwa makadirio yote yalikosewa. "Kidogo" peke yake si sababu. Kwa hiyo wakili atatafuta hukumu za watu waliovunjika mfupa huo huo, wakabaki na kilema kinachokaribia hicho hicho, katika miaka ya karibuni. Zikionyesha wenzako walipewa laki saba au nane, ujue unacheza pata potea. Wakipewa milioni na nusu, sasa kuna mazungumzo.

Kuna hali moja ambapo mstari huo huwa mwepesi. Nimewahi kusoma hukumu iliyoeleza "majeraha ya tishu laini" wakati ripoti ya daktari, ukurasa wa pili, inasema mifupa miwili ya mguu ilivunjika. Hakimu alikuwa ameshika ripoti ya abiria mwingine wa matatu ile ile. Hilo si suala la kukadiria. Ni kosa unaloweza kulionyesha kwa kidole.

Mstari wa ami uliofaa kuliliwa ulikuwa ule wenye sifuri. Alikuwa ameomba kipato cha miezi saba aliyokaa kitandani, shilingi 1,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 182,000. Hakimu akakataa kwa sentensi moja: hakuna stakabadhi. Dereva gani wa tuktuk anaandika stakabadhi? Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 2005, katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja, kwamba karatasi si njia pekee ya kuthibitisha kipato, maana watu wengi nchini hujipatia riziki bila kuweka daftari. Na ami hakutoa maneno yake pekee: mwenye tuktuk alisimama kizimbani akaeleza malipo ya kila jioni. Hapo pana hoja ya sheria, na bei yake inajulikana. Ukiitoa ile asilimia 20, ni 145,600.

Lawama ya asilimia 20 nayo ina bei. Ikishuka hadi 10, ami anaongeza 65,200. Lakini afisa wa polisi alisema tuktuk ilikata kona bila kuwasha taa, na ami mwenyewe alipoulizwa alijibu "sikumbuki". Jaji katika rufaa ya kwanza huupitia ushahidi wote upya, ndivyo inavyotakiwa tangu kesi ya Selle ya mwaka 1968, ila anakumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakisema. "Sikumbuki" ikishaandikwa haibadiliki sauti.

Halafu kuna mistari ambayo rufaa haiifufui. Ami aliomba gharama za 85,000, akatoa risiti za 52,000. Zilizobaki zilipotea walipohama nyumba. Gharama za aina hii lazima zitajwe kwenye hati ya madai na zithibitishwe kikamilifu, na rufaa si mahali pa kuleta karatasi mpya ambayo ingeweza kuletwa kule chini. Kibaya zaidi ni chuma. Daktari aliandika kwamba siku moja kitatolewa, akakadiria shilingi 150,000. Hati ya madai haikuitaja hata kidogo. Gharama ya matibabu ya baadaye isipoombwa, haitolewi, hata daktari akiiandika kwa wino mwekundu.

Ami alinyamaza kidogo hapo. "Kwa hiyo hicho chuma ni changu na Mungu wangu."

Kupokea

Ukikubali hukumu, unachopata ni muda. Bima ya gari lililokugonga inaandikiwa, gharama za kesi zinakubaliwa au zinakadiriwa na mahakama, na hundi inatoka. Isipotoka, wakili anaanza kutekeleza hukumu dhidi ya mwenye gari, au anaifungulia bima kesi nyingine chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa madai ya mtu wa tatu, kifungu cha 10. Hapo ndipo utajua kama bima ilipewa notisi ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Isipopewa, inaweza kuponyoka.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa ambayo wakazi wa mji huu wa matatu wanaijua kwa machungu. Kampuni za bima hufa. United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na watu waliokuwa na hukumu nzuri mkononi wakabaki na karatasi. Ukisikia bima ya gari lililokugonga inalipa kwa kudondosha, laki tano za leo zina uzito kuliko laki saba za miaka miwili ijayo.

Kusikilizana

Hii watu huisahau, wakidhani kusikilizana ni kabla ya hukumu tu. Zile siku 30 za kukata rufaa baada ya hukumu ndizo siku ambazo wakili wa bima hupokea simu upesi zaidi, kwa sababu na yeye hajui wewe utafanya nini. Ami alikuwa ameshapelekewa ujumbe: laki tano taslimu ndani ya siku 21, mambo yaishe. Linganisha: hukumu inampa 521,600 na riba na gharama. Kwa hiyo bima ilikuwa ikimwomba ami punguzo kwa kumlipa haraka pesa ambayo tayari ni haki yake.

Ofa ya namna hiyo ina maana ikiwa bima yenyewe ina sababu nzuri ya kukata rufaa na wewe unaogopa. Ikiwa hoja nzuri iko kwako, geuza meza: wakili aandike barua, aambatishe rasimu ya hati ya rufaa yenye ile hoja ya kipato, aombe 600,000 na zaidi. Mara nyingine hujibiwa. Mara nyingine hapana, na hujapoteza kitu ila stempu.

Angalia karatasi utakayopewa kutia sahihi. Ile dischaji ya bima huandikwa kwamba umepokea malipo "yote na ya mwisho" na hutadai tena. Ukitia sahihi, rufaa imekwenda na maji, hata kama siku zako hazijaisha. Nimeona mama mmoja akitia sahihi juu ya bodaboda, karatasi kaiweka kwenye tangi la mafuta, kwa sababu mjumbe alimwambia ni ya kuonyesha tu kwamba hundi imefika.

Kusahihisha bila rufaa

Fupi, lakini huokoa mwaka mzima. Kama kosa ni la hesabu au la kuandika, kifungu cha 99 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinamruhusu hakimu yule yule kulirekebisha. Tuliwahi kupata hukumu iliyojumlisha 450,000 na 38,000 ikapata 478,000. Mteja alitaka rufaa, na hasira tele. Yalikuwa maombi ya kurasa mbili. Kuna pia maombi ya hukumu kupitiwa upya, Amri ya 45 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, kwa kosa linaloonekana wazi kwenye rekodi au ushahidi mpya ambao kwa bidii zote usingeupata mapema. Ila chagua: ukishakata rufaa, huwezi kuomba hiyo pia.

Rufaa

Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, hati ya rufaa huwekwa ndani ya siku 30 tangu hukumu au amri itolewe. Si tangu ulipoambiwa, si tangu wakili alipokupigia. Muda ambao mahakama ya chini itathibitisha kwamba ilikuwa ikiandaa nakala ya hukumu hauhesabiwi, na mahakama inaweza kukuongezea muda ukiwa na sababu nzuri, lakini usijenge nyumba juu ya huruma hiyo. Ofisi niliyoanzia kazi iliwahi kuchelewa kwa siku nne kwa sababu faili lilikuwa chini ya faili jingine. Jaji aliuliza swali moja tu, ni nini kilichotuzuia, na jibu la kweli halikutusaidia.

Baada ya hati, ndipo safari ndefu. Unaomba mwenendo wa kesi uchapwe, maana mahakimu wengi huandika kwa mkono. Unatengeneza rekodi ya rufaa. Unasubiri maelekezo ya jaji, mnapeana hoja za maandishi, mnasubiri tarehe, mnasubiri hukumu. Katika mafaili niliyoyabeba mimi, rufaa iliyokwisha ndani ya mwaka mmoja naihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na ukiiacha ikalala, upande wa pili anaomba itupwe.

Gharama unazibeba wewe kwanza. Wakili hawezi kisheria kukubaliana nawe kwamba alipwe ukishinda tu. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiyatambui mapatano hayo. Kwa hiyo uliza bei, iandikwe. Ukishindwa, kwa kawaida unalipa na gharama za mwenzio.

Hatari ambayo watu wa steji hawaitaji ni rufaa kinzani. Ukiamsha kesi, bima nayo inaweza kuleta malalamiko yake. Kwa ami, jaji akikubali kwamba alistahili asilimia 40 ya lawama badala ya 20, zile 521,600 zinashuka hadi 391,200. Ametoka kuomba laki na nusu zaidi, anarudi na upungufu wa laki moja na thelathini, na bili ya wakili mfukoni.

Kwa upande mwingine, rufaa si lazima iguse kila kitu. Unaweza kuikata juu ya mstari mmoja. Na rufaa yako ya kuongezewa haikuzuii kudai zile pesa ulizokwishapewa, mradi wakili aandike wazi kwamba unapokea bila kuiathiri rufaa. Wengi huona ni ama hundi ama rufaa. Si hivyo, isipokuwa umetia sahihi ile dischaji.

Kuna ukuta mmoja wa kuutazama kabla ya kuota. Ile Sura ya 405 inaweka kikomo cha shilingi 3,000,000 ambazo bima italipa kwa mtu mmoja. Kama hakimu amekupa milioni 2.8 na unataka nne, ile moja ya juu ataitoa mwenye gari mwenyewe. Akiwa na malori kumi pale Miritini, endelea. Akiwa na bodaboda moja ya mkopo, utashinda rufaa ya kutundika ukutani.

Bima ikiwahi kukata rufaa

Hapa huchagui kama kuna rufaa au la, unachagua namna ya kuipokea. Jambo la kwanza: rufaa peke yake haisimamishi malipo. Lazima bima iombe, chini ya Amri ya 42 kanuni ya 6 ya kanuni zile zile, ionyeshe haikuchelewa, itapata hasara kubwa isipozuiwa, na iko tayari kutoa dhamana. Hasara yenyewe huwa ni wewe: wataapa kwamba ukilipwa leo na wao wakashinda rufaa, wewe ni maskini, hutaweza kurudisha. Inauma kuisoma, hasa kwa mtu aliyefanywa maskini na ajali hiyo hiyo. Usijibu kwa hasira. Jibu kwa karatasi: hati ya kiwanja, taarifa ya benki, leseni ya biashara, chochote.

Mara nyingi majaji hugawa: nusu alipwe majeruhi, nusu iwekwe kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili, ipate riba. Ukilinganisha kupigania pesa zote na kukubali nusu kwa maafikiano, mimi naona nusu ya haraka ni nzuri kwa mtu mwenye dawa za kununua. Na kwa kuwa mwenzio ameshaufungua mlango, ile hofu ya kuamsha kesi imekwisha. Kama una hoja, leta rufaa kinzani.

Kwa mahakama nyingine, kwa ufupi. Kesi ikiamuliwa na Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kikomo chake ni shilingi milioni moja, rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu na huishia hapo. Kesi iliyoanzia Mahakama Kuu huenda Mahakama ya Rufaa, na notisi huwekwa ndani ya siku 14, si 30.

Ami alirudi siku ya kumi na tisa baada ya hukumu, safari hii na mwanawe wa kike, aliyeisoma hukumu yote na kupigia mistari. Ndiye aliyeuliza swali lililofaa: "Tukikata juu ya kipato peke yake, wao watapata wapi pa kuingilia?" Wakili akamjibu kwamba wanaweza kuingilia popote, ila siku ya kumi na tisa bado hawakuwa wameonyesha dalili, na ushahidi wa ile kona ulimkwaza hata dereva wao. Hati ya rufaa iliwekwa siku ya ishirini na tatu, ukurasa mmoja na nusu, hoja mbili, zote juu ya zile 182,000. Dischaji ilirudishwa kwa bima bila sahihi, pamoja na barua. Hundi ya hukumu ilifika baada ya wiki saba.

Amemlipa mwenye tuktuk deni lake, na ameanza tena kuendesha asubuhi, hadi saa sita tu. Rufaa inangoja tarehe. Chuma kingali pajani. Akipanda ngazi za ofisi yetu hukigonga kwa kidole na kunitazama.